Nguo ya Merikani na Dhima ya Mnunuzi

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na Aali zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Limeulizwa tangu zamani suali hili: mtu akinunua kitu kwa mali yake ya halali, kwa bei waliyoridhiana, na kitu chenyewe si haramu, kisha ikadhihirika kuwa kabla ya kumfikia kilipita katika mikono ya dhuluma, je, ana dhima? Wako wasemao kuwa anayo, kwa kuwa fedha yake ndiyo ilishayo dhuluma ile. Na wako wasemao kuwa hana, kwani kila nafsi itaulizwa kwa tendo lake yenyewe. Kila upande una hoja. Basi ni bora suali hili lipimwe kwa jambo lililotokea kweli, na ambalo watu wa pwani walikuwamo ndani yake, nalo ni biashara ya nguo ya merikani.

Merikani ni kitambaa kizito cha pamba, kisichotiwa rangi wala kupaushwa, kilichopewa jina la nchi kilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba wa biashara na Marekani, ushuru ukawekwa asilimia 5. Mwaka 1837 balozi wa kwanza wa nchi hiyo alifika Unguja, naye alikuwa mtu wa Salem, mji wa bandari katika Massachusetts. Merikebu za Salem zilileta nguo, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Nguo ile ilikuwa imara, ikapendwa mno bara, hata ikawa ndiyo fedha ya safari: shuka ya mikono 4 na doti ya mikono 8. Misafara iliichukua kutoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikaingia Mgunda Mkali, pori la miiba na kiu lililo katika nchi ya Manyoni na Itigi, Mkoa wa Singida wa leo, ndipo ikafika Unyanyembe.

Na itazamwe sasa nguo hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1793 ilitengenezwa huko Marekani mashine ya kutenga pamba na mbegu zake, na faida ya pamba ikazidi sana. Wenye mashamba wakatamani ardhi ya magharibi, khasa ya Alabama na Mississippi. Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, nao ni Creek, Choctaw, Cherokee na wengineo. Mwaka 1830 ilipitishwa sharia ya kuwahamisha ng'ambo ya mto Mississippi, na Cherokee walipotolewa kwa nguvu mwaka 1838, maelfu walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Mahali pao wakaletwa watumwa kulima pamba. Watumwa wa nchi ile walikuwa kama laki 7 mwaka 1790. Mwaka 1860 walikaribia milioni 4. Pamba ikapelekwa kaskazini, katika viwanda vya Lowell na miji mingine, ambako wasichana waliotoka mashamba ya wazee wao walisimama mbele ya mashine saa 12 na zaidi kwa siku. Mwaka 1834 walipopunguziwa ujira waligoma. Kisha nguo ikapakiwa merikebuni.

Basi mfanya biashara wa Unguja aliyeinunua, je, alishiriki katika dhuluma ile? Kwa upande wa mkataba, mauzo yalikuwa sahihi: mali ilijulikana, bei ilijulikana, na ridhaa ilikuwapo. Wala hakuwa na njia ya kujua shamba lililotoa pamba ile, wala aliyefukuzwa katika shamba lile. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kiasi cha uwezo wake. Kwa hivyo udhuru wake katika jambo hili ni udhuru wa kweli, na asiongezewe mzigo asioweza kuubeba.

Walakini udhuru huo hauendi mbali kuliko ujinga wake. Nguo ile ilipovuka Mgunda Mkali haikujibeba yenyewe. Ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi walio huru waliopatana ujira, kila mmoja na mzigo wa frasila 2 au karibu yake. Katika misafara walikuwamo pia watumwa. Mpagazi aliyeshikwa na ndui au aliyeishiwa nguvu kwa kiu aliachwa njiani mara nyingi, na mzigo wake ukagawanywa kwa wenziwe. Hayo hayakutendeka ng'ambo ya bahari. Yalitendeka mbele ya macho ya mwenye msafara, naye ni Muislamu aliyejua wazi kuwa mwajiriwa apewe haki yake kabla jasho lake halijakauka.

Tena liko jambo la hongo. Wenye misafara walilalamika sana kwamba watemi wa Ugogo wanawanyang'anya nguo, na kwamba njia ni ya Mungu. Ni kweli kuwa wako watemi waliopita kiasi. Lakini katika nchi kavu kama ile, kisima ni jasho la aliyekichimba, na chakula ni jasho la aliyekilima. Hata Mgunda Mkali, palipoitwa pori tupu, Wakimbu walifyeka, wakalima, wakawauzia wasafiri nafaka. Mpita njia huona upesi kuwa nchi haina mwenyewe, kwa kuwa mwenyewe hamjui. Na neno hilohilo la nchi tupu ndilo lililotangulia kule Marekani kabla ya watu kutolewa makwao. Na dhuluma ya ardhi, hata iwe shubiri moja, adhabu yake katika dini inajulikana.

Kisha pembe zilirudi kwa njia ileile, zikapanda merikebu, zikafika Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, zikakatwa kuwa vitana na vibao vya kuchezea piano. Binti aliyeketi mbele ya piano yake hakumjua mpagazi aliyeachwa Mgunda Mkali, kama vile mpagazi yule aliyevaa shuka ya merikani hakumjua mtumwa aliyechuma pamba. Kila mmoja katika mnyororo ule alikuwa mbali na dhuluma moja na karibu na nyingine. Mwenye kiwanda wa Massachusetts aliweza kusikitikia watumwa wa Unguja, na pamba ya watumwa imo ghalani mwake. Na mtu wa pwani aliweza kustaajabia ukatili wa Wamarekani, na mgonjwa wake amelala chini ya mti. Mnyororo wa dhuluma hudumu hivyo, kila mtu akiangalia pete ya mbali na kuisahau iliyo mkononi mwake.

Basi jawabu la suali ni hili: dhima hufuata ilimu na uwezo. Asiyeweza kujua hana lawama. Anayeweza kuuliza, akaacha kuuliza kwa kuogopa jibu, ujinga wake si udhuru. Na la kwanza analoulizwa mtu ni lile analoliona.

Misafara ilikwisha, reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikapita Manyoni na Itigi. Lakini wanunuzi wa pwani wangali wakienda Singida kwa alizeti na vitunguu. Huko mkulima hutakiwa mara nyingine ajaze gunia la lumbesa, lililoshonewa kilemba juu, akalipwa bei ya gunia moja. Mwenye kununua hivyo hahitaji khabari za Mississippi ili aijue hukumu yake. Sura ya wenye kupunja vipimo anaisoma katika sala, na gunia li mbele yake.

Wallahu aalam, na kwake ndiko marejeo.