Je, Ukweli Uko Katikati?

Kuna mstari tunaoupenda sana tukiketi kusuluhisha mambo ya ndoa au ya chama: Mithali 18:17. Maana yake ni kwamba anayetangulia kujieleza huonekana ana haki, mpaka mwenzake aje amhoji. Mstari ni wa kweli kabisa. Shida ni vile wengi wetu tunautumia. Tunadhani ukisikia upande huu na upande ule, kisha ukachukua katikati, tayari umepata ukweli. Kwa bei ya shamba hiyo inaweza kufanya kazi. Muuzaji anasema milioni mbili, mnunuzi anasema moja, mnakutana kwa moja na nusu na mnapeana mikono. Lakini mmoja akisema watu kumi wameuawa, na mwingine aseme hakuna aliyeuawa, je, tuandike wamekufa watano?

Nimelifikiria swali hili kupitia habari za Warohingya wa Myanmar. Nimewachagua kwa sababu ukiweka mezani magazeti ya nchi mbalimbali yaliyoandika juu yao, utafikiri yanazungumzia watu tofauti.

Kwanza mambo yasiyo na ubishi mkubwa. Warohingya wengi ni Waislamu, na kwao ni jimbo la Rakhine, magharibi mwa nchi ambayo wengi ni Wabudha. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha nje. Serikali inatambua makabila 135, na wao hawamo. Tarehe 25 Agosti 2017 kundi lenye silaha linaloitwa ARSA lilivamia vituo vya polisi kama 30 hivi. Jeshi likajibu kwa kuingia vijijini, na nyumba zikachomwa. Ndani ya miezi michache zaidi ya watu 700,000 walikuwa wamekimbilia Bangladesh.

Sasa angalia majina. Gazeti la serikali ya Myanmar, Global New Light of Myanmar, lilikuwa na maneno yake mawili: magaidi, na Wabengali. Kuitwa Mbengali si tusi. Lakini ukimwita hivyo mtu ambaye babu yake amezikwa Rakhine, umemwambia kwamba kwao si hapa, na kwa hivyo akiondoka hajafukuzwa, amerudi tu. Mwishoni mwa 2016, kabla ya wimbi lile kubwa, gazeti hilo hilo lilichapisha makala ya kufananisha watu na viroboto. Msomaji wa Kutoka sura ya kwanza anaijua njia hii. Farao hakuanza na mto. Alianza na maneno: hawa watu wamekuwa wengi mno. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusafiri mbali, maana Rwanda waliitwa mende kwanza. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokaa hapa jirani Arusha ilimtia hatiani mhariri wa gazeti la Kangura kwa uchochezi. Yaani kuna mahakama iliyosema kwamba kalamu nayo inaweza kuwa silaha ya mauaji.

Ukivuka mpaka, Bangladesh iliwapokea, na hilo tuwape heshima yao. Lakini kwenye karatasi zake serikali haikuwaita wakimbizi. Iliwaita raia wa Myanmar waliohamishwa kwa nguvu. Jina refu kama hati ya kiwanja, ila lina maana: hawa ni wenu, tunawawekea tu. India nayo, mwezi huo huo wa Agosti 2017, ilikuwa imetangaza nia ya kuwafukuza wahamiaji haramu, ikakadiria Warohingya walioko nchini mwake kuwa 40,000. Habari nyingi za huko zikawa za usalama wa taifa, ingawa waandishi wengine wa India waliwatetea. China ilipendelea kusema “suala la Jimbo la Rakhine”, halafu ikaongea juu ya utulivu na maendeleo. Hapo watu wamepotea kabisa, limebaki suala.

Nilisomea biashara, na kitu kimoja sijasahau ni hiki: ukitaka kuielewa kampuni, usisome hotuba ya mwenyekiti, soma vitabu vya hesabu. Bomba la gesi na bomba la mafuta yanayokwenda kusini-magharibi mwa China yanaanzia Kyaukphyu, ndani ya Rakhine. Bandari ya Sittwe, ambayo India iligharamia, iko Rakhine. Sisemi kila mwandishi amenunuliwa. Mwandishi anaweza kuwa mtu mwaminifu tu, lakini ofisi yake ina upepo fulani, na baada ya miaka kumi hata hajui kwamba anaandika kwa kufuata upepo.

Malaysia ndiyo hunishangaza. Desemba 2016 waziri mkuu Najib Razak mwenyewe alisimama kwenye mkutano wa hadhara Kuala Lumpur kuwatetea Warohingya kama ndugu Waislamu. Mwaka 2020, wakati wa korona, boti zao zilizuiwa kutia nanga Malaysia, na chuki dhidi yao ikajaa kwenye mitandao ya nchi hiyo. Watu ni wale wale. Dini ni ile ile. Kilichobadilika ni hali ya mwenyeji.

Na magazeti ya Magharibi je? Mwezi Septemba 2017 mkuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, Zeid Ra'ad al-Hussein, alisema huo ni mfano kamili wa kile Waswahili wa redioni wanaita safisha-safisha ya kikabila. (Neno hilo silipendi hata kidogo. Jeshi liliita kazi yake operesheni ya kusafisha, na anayelishtaki jeshi naye anaongea juu ya kusafisha. Muuaji na mshtaki wameshika ufagio mmoja, na mtu aliyefagiwa anabaki kuwa uchafu.) Magazeti ya London na New York yalisema wazi kwamba kuna unyama, na yalikuwa sahihi. Lakini kurasa nyingi sana zilikwenda kwa Aung San Suu Kyi, mshindi wa Nobeli ya amani wa 1991 ambaye alinyamaza. Alistahili kulaumiwa. Hata hivyo, unasoma mpaka unajiuliza kama watu 700,000 walikimbia ili wasomaji wa mbali wajue tabia ya mama mmoja. Aliyeliamuru jeshi ni Jenerali Min Aung Hlaing, na wakati ule ni wangapi kati yetu tulikuwa tumelisikia jina lake?

Haya basi, katikati iko wapi? Kati ya kiroboto na ndugu, nusu ni nini?

Kijiji cha Inn Din kinatupa jibu. Tarehe 2 Septemba 2017 wanaume kumi Warohingya waliuawa pale na kuzikwa katika shimo moja. Waandishi wawili wa Reuters, Wa Lone na Kyaw Soe Oo, walikwenda kuuliza. Wote ni raia wa Myanmar, na Kyaw Soe Oo ni Mbudha wa jamii ya Rakhine, yaani kwa hesabu ya kikabila alikuwa upande ule mwingine. Waliongea na wanakijiji Wabudha waliokiri walichofanya, na wakapata picha za wale kumi wakiwa wamepiga magoti, kisha picha zao wakiwa wamekufa. Desemba wakakamatwa. Mwezi uliofuata jeshi likakubali kwamba kumi waliuawa, lakini likawaita magaidi. Askari saba walihukumiwa miaka kumi, wakaachiliwa kabla hata ya mwaka kuisha. Waandishi walikaa gerezani zaidi ya siku 500. Walioandika mauaji walifungwa muda mrefu kuliko walioua.

Ukweli haukuwa katikati ya magazeti mawili. Ulikuwa ndani ya shimo, na ilibidi mtu aende. Tena ukirudi Mithali utaona: andiko halisemi mwenzake aje wagawane, linasema aje amhoji. Kuhoji ni kazi. Kugawana nusu kwa nusu ni njia ya kukwepa kazi hiyo huku ukionekana mtu wa haki.

Mtu ataniambia, “Pastor, si wewe pia umeshachagua upande?” Hebu nimjibu kwa jambo ambalo watetezi wa Warohingya hawapendi kulisema. Septemba ile ile serikali ya Myanmar iliwaonyesha waandishi makaburi ya wanakijiji Wahindu huko kaskazini mwa Rakhine, ikasema wameuawa na ARSA. Wengi walidhani ni propaganda. Mwaka 2018 Amnesty International ilichunguza ikasema ndiyo, wapiganaji wa ARSA waliwaua Wahindu, wakiwemo watoto. Kwa hiyo hata gazeti lenye viroboto lilikuwa na kweli moja mkononi. Je, kweli hiyo inapunguza Inn Din? Haipunguzi hata mtu mmoja. Zote mbili ni kweli nzima. Hazikatani kama deni na mkopo.

Na sisi wa kanisani tuna fremu yetu. Jeshi hilo hilo la Myanmar limewapiga kwa miaka Wakachin na Wachin, ambao wengi wao ni Wakristo. Hao tunawajua, tumewaombea kama kanisa linaloteswa, na tumefanya vizuri. Lakini kwa nini Warohingya wakifika kwetu wanafika kama habari za ulimwengu, dakika moja kabla ya michezo? Kutoka 20:16 inakataza kumshuhudia jirani uongo. Imesema jirani, haikusema mshirika. Na sidhani uongo ni lazima uwe wa maneno. Ukihesabu wafu wa nyumba yako tu, hesabu yako inaweza kuwa na tarakimu sahihi na bado iwe ushahidi wa uongo.

Kunyamaza nako kuna bei, na inaweza kuhesabiwa. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisema pesa za wafadhili hazitoshi, likapunguza msaada kwa kila Mrohingya aliye kwenye kambi za Cox's Bazar kutoka dola 12 kwa mwezi hadi 10, kisha 8 ilipofika Juni. Gawa dola nane kwa siku thelathini, unapata senti 27 za chakula kwa siku. Wakati huo kambi hizo zilikuwa na watu karibu milioni moja. Tafuta magazeti ya mwezi huo, ya nchi yoyote unayotaka, uone habari hiyo iliwekwa ukurasa wa ngapi.