Mtutu Mrefu

Kuna maswali ambayo mwalimu haulizwi darasani. Huulizwa baada ya kustaafu, na walewale aliowafundisha, wakati ambapo hawaogopi tena fimbo yake wala hawahitaji maksi zake. Swali ninalotaka kulishughulikia hapa ni la namna hiyo. Kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuua, kikikaa miaka mia moja na zaidi, je, huwa kimetakasika? Umri peke yake unaweza kukiondolea hatia?

Aliyenitwisha mzigo huu ni kijana wangu mmoja niliyemfundisha hapa Sepuka. Namwita kijana kwa mazoea yetu sisi walimu, maana sasa naye ana wajukuu. Yuko Marekani kwa zaidi ya miaka thelathini, kazi yake ni nzuri, na fedha inayombakia huitumia kukusanya bunduki za kale. Msomaji asishtuke. Kule ni starehe ya watu wa heshima, kama hapa kwetu mtu anavyofuga ng'ombe wengi kuliko anaowahitaji. Alipokuja likizo alinikuta chini ya mwarobaini, akaniamkia mikono ikiwa nyuma, kama alivyoniamkia akiwa darasa la tano. Kisha akatoa picha.

Ilikuwa bunduki ya Winchester, ya muundo wa mwaka 1873. Bunduki hizo zina wenzo wa chuma chini yake, unaokizunguka kifyatulio. Mpigaji huushusha wenzo na kuupandisha. Ganda la risasi iliyokwisha hutoka na risasi mpya huingia, bila yeye kuondoa kitako begani. Kiwanda kilikuwa New Haven katika jimbo la Connecticut, na za muundo huo pekee kilitengeneza zaidi ya laki saba. Kwa hiyo kuwa nayo tu si ajabu. Ajabu ya ile ya kijana wangu ilikuwa mtutu. Bunduki ya kawaida ya muundo ule ilikuwa na mtutu wa inchi 24, na ile fupi ya wapanda farasi inchi 20. Ya kwake ina inchi 30. Kiwanda kilikuwa tayari kutengeneza mitutu mirefu zaidi, hata ya inchi 36, yaani yadi nzima, mradi mteja aagize mwenyewe na kulipia kila inchi iliyozidi. Walioagiza walikuwa wachache, na uchache huo ndio wakusanyaji wanaoununua leo kwa bei ya kutisha.

Nikamwuliza, "Mtu yule alilipia inchi sita za nini?"

Akanieleza vizuri, nikafurahi kuona kwamba somo la sayansi halikupotea. Mtutu mrefu uliipa baruti nyeusi ya zamani nafasi ya kuisukuma risasi kwa muda zaidi. Tena, alama mbili za kulengea, ya nyuma na ya mbele, zikikaa mbali moja na nyingine, kosa dogo la jicho huonekana mapema, na mpigaji hulisahihisha. Alikiri kwamba kwa risasi ndogo kama zile faida ya kwanza haikuwa kubwa. Faida ya pili ilikuwa ya kweli.

Nikaona kwamba yule mnunuzi wa kwanza, chuma kwake kilikuwa njia tu. Alichokuwa akinunua ni umbali. Alitaka kusimama mbali zaidi na kile atakachokiua, awe mnyama au mtu. Sisi Wanyaturu tuliishi na mkuki, na mwenye mkuki lazima aufikie uso wa simba mpaka amwone macho. Sisemi kwamba mkuki ni mwema. Wazee wetu waliutumia kuchinjana wao kwa wao na majirani zao, na anayesema zamani palikuwa na amani tupu hajakaa na wazee. Nasema tu kwamba mwenye mkuki hakuweza kujificha asijue alichokifanya. Kila inchi iliyoongezwa kwenye mtutu ilimpunguzia mtu ujuzi huo kidogo.

Kijana akaona ninavyotafakari, akajitetea kabla sijamshitaki. "Mwalimu, hii haina dhambi tena. Hata sheria inasema hivyo." Akanieleza kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ya kudhibiti silaha inahesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa kitu cha kale tu. Ya kwake ni ya kabla ya hapo. Ile iliyotoka kiwandani mwaka 1899, yenye umbo lilelile na risasi zilezile, ni silaha.

Nilinyamaza kwa sababu ya mwaka huo. Kila mtoto aliyepita mikononi mwangu alijifunza kwamba Mkwawa alijipiga risasi tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa na Wajerumani, wakamkata kichwa. Fuvu lililotambuliwa kuwa lake lilirudi Kalenga mwaka 1954. Watunga sheria wa Marekani hawakuwa na habari za Uhehe walipouchagua mwaka ule, nami siwalaumu. Sheria lazima ichore mstari mahali fulani. Lakini nilijiuliza: mtu wa Iringa akiambiwa kwamba vitu vya mwaka 1898 na kurudi nyuma havina neno tena, atajibu nini? Huko ndiko hasa neno lilikoanzia.

Maoni yangu ni kwamba umri haumsafishi mtu wala kitu. Kazi yake ni nyingine: huwaondoa mashahidi. Bunduki iliyoua mwaka 1880 inaonekana safi kwa kuwa waliolia wamekufa, na watoto wao wamekufa, na wajukuu hawana habari. Mtu anaweza kuona hali hiyo ni sawa na usafi. Mimi naona ni kama kesi iliyofutwa kwa sababu mlalamikaji hakufika mahakamani.

Bunduki za wenzo zinatuhusu hata sisi kuliko msomaji anavyodhani. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, katika orodha ya mizigo yake zilikuwamo Winchester moja na Henry moja, ambayo ndiyo mama wa Winchester, kila moja ya kupiga risasi kumi na sita. Zilipita kusini mwetu, katika pori la Mgunda Mkali, upande wa Manyoni na Itigi za leo. Januari 1875 Stanley alipita tena, safari hii katika nchi yetu yenyewe ya Ituru, na mahali alipopaita Vinyata yakazuka mapigano ya siku kadhaa. Alipoteza watu zaidi ya ishirini, naye akachoma vijiji. Kitabu chake kimeieleza vita hiyo kwa urefu. Bunduki zimetajwa kwa majina yake, Snider na nyinginezo. Wanyaturu waliokufa hawamo kwa majina.

Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890. Ulipiga vita biashara ya utumwa, na kwa hilo tuushukuru. Lakini pia ulizuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, isipokuwa kwa serikali na watu wake. Zilizoweza kuruhusiwa, kwa masharti, ni bunduki za gumegume, ambazo Ulaya zilikuwa zimekwisha kupitwa na wakati. Kwa hiyo Mwafrika alipangiwa kubaki na silaha ya kizamani. (Mwanzoni mwa karne ya 20, watu wetu walipopambana na Wajerumani, aliyewaongoza alikuwa mwanamke, Liti Kidanka, na silaha inayosimuliwa mpaka leo ni nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida una jina lake. Sijaona mkusanyaji wa kuutundika mzinga ule sebuleni kwake.)

Nayasema haya kwa sababu ya gobore la mjomba wangu. Halikudumu kwa kuwa tulipenda vitu vya kale. Lilidumu kwa kuwa hatukuruhusiwa vipya. Magobore mengine yalifuliwa na mafundi wa vijijini kwa mabomba ya maji, lakini lile lilikuwa la zamani kweli, la kushindiliwa baruti kwa mdeki kupitia mdomoni, na mtutu wake ulinizidi kimo nilipokuwa darasa la kwanza. Mjomba alilindia mtama kwalo, nyani mchana na nguruwe usiku. Yule kijana alilikumbuka tangu utoto wake. Kabla hajarudi Marekani akaniuliza kama bado lipo. Lilikuwapo, juu ya kenchi, katika nyumba ya mjane wa mjomba. Akataja kiasi cha fedha ambacho kingeiezeka nyumba ile kwa bati na kulipa karo za wajukuu wa marehemu kwa miaka kadhaa. Alisema ataomba vibali vyote vinavyotakiwa, na ninaamini alikuwa na nia njema.

Kwetu gobore lisilo na kibali ni kosa, hata kama ni la babu yako. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushitakiwa, na kipindi kimoja kilikuwa karibu. Ukoo ukakaa kikao. Vijana walitaka fedha, na nani awalaumu? Mwaka ule mtama ulikuwa umekauka shambani. Mmoja akasema lifichwe mpaka kibali kipatikane. Mwingine, aliyekuwa na simu yenye picha za mnada wa Ulaya, akasema kwamba pengine bei tuliyotajiwa ni ndogo.

Mkaza mjomba alikuwa amekaa pembeni na ungo wake. Akauliza, "Fedha hizo ni za urefu wa mtutu. Za mtoto wa jirani mtaziweka fungu gani?"

Vijana wengi walitazamana. Hawakuwa na habari. Miaka mingi kabla wao hawajazaliwa, gobore lile lilimuua mtoto katika mtama, mjomba akidhani ni nguruwe. Ukoo ulilipa ng'ombe, maneno yakaisha, na familia ya mtoto ikahamia upande mwingine wa kijiji. Mjomba hakulipiga tena, ila hakulitupa pia. Waliobaki wakiikumbuka habari hiyo katika kikao kile tulikuwa watatu, na mkaza mjomba ndiye peke yake aliyekuwa ameusikia mlio. Angekufa mwaka mmoja mapema, lile lingekuwa gobore zuri la kale.

Tulilisalimisha. Mwenyekiti wa kijiji alitusindikiza kituoni, na askari akaandika katika daftari lake: gobore moja, bovu. Hakuwa na kosa, maana daftari lake halina safu ya mambo mengine. Mimi nilichukua daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, nikamwomba mkaza mjomba anieleze tangu mwanzo, nikaandika kurasa mbili. Kisha nikazipeleka kwa ndugu wa yule mtoto nikamsomea. Alinisahihisha mahali pawili: haikuwa usiku, ilikuwa alfajiri, na marehemu alikuwa na miaka tisa, si saba. Nikasahihisha. Daftari liko kwake.

Kijana nilimwandikia yote hayo. Sikumwambia aitupe Winchester yake. Pale Kalenga kuna silaha katika makumbusho, na ni vema ziwepo, kwa sababu zimekaa karibu na fuvu, na hakuna mtoto wa shule anayeweza kutazama kimoja asione kingine. Nilimwambia tu kwamba anayekaa na kitu cha namna ile amerithi maswali yake pia, na kwamba kuifahamu bei yake si kuijua. Nikamwuliza: bunduki yako ilikuwa mikononi mwa nani, na ilifanya nini huko mbali ilikokuwa ikifika?

Alichukua muda kujibu. Kumbe kumbukumbu za kiwanda cha Winchester zimehifadhiwa katika makumbusho ya mji wa Cody, jimbo la Wyoming, na mwenye bunduki akipeleka namba yake anaweza kupata barua. Ya kwake ilikuja. Ilitaja namba, ikathibitisha inchi 30, ikataja siku bunduki ilipotoka ghalani. Wakusanyaji wenzake walimpongeza, kwani barua ya namna hiyo huongeza bei. Yeye anasema aliisoma mara tatu akitafuta jina la mtu, hakuliona.

Msimu wa mvua uliopita alinipigia simu akasema anafikiria kuiuza, maana tangu siku ile haifurahii kama zamani. Nilimshauri asiuze kwanza. Atakayeinunua ataipewa pamoja na barua ile, naye hatakuwa na mtu wa kumwuliza swali. Akacheka, akasema, "Mwalimu, basi ni adhabu." Nikamwambia hapana, ni zoezi la nyumbani. Sasa anaandikiana na mzee mmoja wa jimbo la Montana ambaye babu yake huenda ndiye aliyeiagiza, na ameniahidi kuniletea nakala ya atakachokipata.