Mshiko wa Mtoto Mchanga

Aliyewahi kumpakata mtoto mchanga ajua ya kwamba ukimtia kidole katika kiganja chake, vile vidole vyake vyembamba hufumba papo hapo, vikakikamata kwa nguvu zisizolingana na umbo lake, na kila ukijaribu kukivuta ndipo azidipo kukaza. Si mahaba hayo, ijapokuwa kina mama wengi hawatakubali (wala mimi sithubutu kubishana nao). Ni tabia ya maumbile, aliyokuja nayo tangu tumboni, ambayo aghalabu hutoweka apatapo miezi 5 au 6, ubongo unapoanza kuutawala mkono. Mwaka 1891 tabibu mmoja wa Uingereza, Louis Robinson, aliwajaribu watoto waliozaliwa punde kwa kuwaning'iniza kwenye kijiti, akaona wengi wao waweza kuuhimili uzito wao wenyewe kwa muda wa sekunde 10 au zaidi. Kushika, basi, hatufunzwi na mtu. Lililo zito ni kuachia kwa hiari, ambako huchelewa kuja, na ndiyo sababu mtoto wa miezi 7 akizikamata ndevu za babu yake, hapana budi kumfumbua kidole kimoja kimoja, naye mzee akiguta.