Mwalimu, Umejuaje?

Msomaji, pengine umewahi kuambiwa, "Usikifunike kidonda, kiache wazi kikauke kwa jua na upepo." Niliambiwa hivyo utotoni hapa Kakamega, na nilipopata ualimu nikawaambia wengine vivyo hivyo. Siku moja mvulana aliyejichubua goti uwanjani aliniuliza, "Mwalimu, umejuaje?" Nikamjibu kwamba ndivyo tufanyavyo siku zote. Akanyamaza kwa adabu, lakini mimi nilijua kwamba sikumjibu.

Mwaka 1962 mtaalamu wa Uingereza, George Winter, alitangaza matokeo ya jaribio lake. Aliwatia nguruwe majeraha madogo ya ngozi. Mengine akayaacha wazi, mengine akayafunika kwa utando mwembamba wa plastiki. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa kasi iliyokaribia maradufu. Sababu yake ni kwamba ngozi changa husambaa upesi penye unyevu. Kigaga kikavu huizuia, nayo hulazimika kupita chini yake. Siku hizi zipo bandeji za haidrojeli, yaani ute mzito uliojaa maji, zinazokitunzia kidonda unyevu wake. Nazo zikitiwa dawa, huitoa kidogo kidogo.

Je, tuwadharau wazee wetu? Hasha! Wapo waliopaka vidonda asali au ute wa mshubiri, na leo wataalamu wanavichanganya vitu hivyo na haidrojeli ili kuvipima. Huenda basi wazee walikosea katika jambo moja wakapatia katika jingine. Ukongwe wa desturi hauwezi kutuonyesha lipi ni lipi, jaribio laweza. Kila gome na kila jani lichumwalo katika Msitu wa Kakamega kwa ajili ya tiba lastahili swali la yule mvulana, na vivyo hivyo kila dawa itokayo kiwandani.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Mtu akiamini jambo asilolichunguza, hasara huwa yake. Bali akilifundisha, goti liumialo ni la mwenziwe. Kwa hiyo nilirudi darasani nikakiri kwamba sikujua. Nikawaeleza kuwa kidonda huoshwa kwa maji safi, kisha hufunikwa, na kilicho kirefu hupelekwa hospitali. Niliona haya, lakini haya hiyo ilikuwa nafuu kuliko kuendelea kufundisha nisilolijua.

Nawe, msomaji, umefundisha mangapi usiyoyajua?