Loki ya Umeme, Tawakuli na Mali ya Jirani

Swali la iwapo mja anayemtegemea Mwenyezi Mungu anapaswa kufunga mali yake, na afunge kwa kiasi gani, ni la zamani kuliko gari, lakini katika Chiola na vijiji vingine vya Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, linapata sura mpya kila mwenye pikapu anapofikiria kuufunga kwa loki ya umeme mlango wa nyuma wa bodi. Ukanda huo unaishi kwa korosho, ufuta na mbaazi. Msimu wa korosho unapofika, magunia hutoka kwa wakulima wadogo kwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi vya ushirika, vinavyojulikana kama AMCOS, ambavyo chama chao kikuu ni RUNALI kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na baada ya hapo korosho huuzwa kwa mnada chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa msingi wa kisheria mwaka 2005. Mkulima hapati stakabadhi mpaka mzigo wake upimwe, kwa hiyo kati ya shamba na mizani upo muda ambapo jasho lake la mwaka mzima halina karatasi yoyote ya kulithibitisha, na aghalabu muda huo mzigo unakuwa mikononi mwa dereva ambaye si mwenyewe.

Loki inayozungumzwa hapa ni kifaa kinachoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Pikapu nyingi, hata zile ambazo milango ya mbele hufungwa yote kwa rimoti, zina mlango wa nyuma unaofungwa kwa ufunguo wa mkono tu au usio na loki kabisa, hivyo yeyote anayevuta kishikio huushusha. Fundi umeme wa magari hufungua bamba la ndani la mlango huo, huweka mota ndogo ya volti 12 kando ya kitasa, huunga ncha ya mota kwenye fimbo ya kitasa, kisha hupitisha nyaya chini ya bodi hadi zikutane na nyaya zinazoendesha loki za milango ya mbele. Umeme ukipita upande mmoja, mota husukuma fimbo na mlango hufungika. Ukigeuzwa upande, mota huivuta fimbo na mlango hufunguka. Pale nyaya zinapoingia mlangoni huachiwa ulegevu ili zisikatike mlango ukishushwa, na tundu la bati huvishwa mpira ili makali ya bati yasile ganda la waya. Bamba likisharudishwa, hakuna kinachoonekana kwa nje.

Kifaa hiki kina mipaka yake, na anayekisifu kupita kiasi huisahau. Bodi isiyo na kifuniko iko wazi juu, na wanaume wawili wenye nguvu wanaweza kuliinua gunia la korosho la takriban kilo 80 wakalipitisha ubavuni bila kuugusa mlango. Kinachozuiwa ni mlango kushushwa kimyakimya gari likiwa limesimama, na katika pikapu nyingi ni mlango wenyewe kunyanyuliwa kwenye bawaba zake ukaenda. Kwa lugha ya wanateolojia, basi, loki ni sababu, yaani njia ambayo kwa kawaida huleta matokeo fulani lakini haimiliki matokeo hayo. Na hapo ndipo mjadala wa tawakuli unapoanza, kwa kuwa tawakuli ni moyo kutulia kwa Mungu juu ya matokeo ya jambo, nao waumini wengi wamejiuliza kama moyo unaoitafuta sababu umekwisha kupungukiwa na utulivu huo.

Jibu linalojulikana zaidi miongoni mwa Waislamu ni Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik, ambamo mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake ndipo ategemee au amwache huru na kutegemea, akaamriwa amfunge kwanza. Hadithi hiyo hutajwa sana mimbarini, na mara nyingi hutajwa ili kulifunga swali. Mwanazuoni Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, hakuridhika kuishia hapo. Katika kitabu chake cha Ihya, kwenye sehemu inayohusu tauhidi na tawakuli, alizipanga sababu kwa daraja: zipo za yakini, ambazo kuziacha ni upumbavu wala si imani, kama mtu mwenye njaa kukataa kunyoosha mkono kwenye chakula, zipo za dhana yenye nguvu, ambazo kwa kawaida husaidia, na zipo za kuwaziwa tu, ambazo moyo hujishikiza kwazo bila uhusiano wowote ulio wazi kati yake na matokeo yanayotafutwa.

Mpangilio huo unafaa sana katika mazingira ya kusini mwa Tanzania, ambako, kama ilivyo mahali pengi nchini, kago, yaani dawa inayowekwa shambani ili mwizi apatwe na madhara, imekuwa ulinzi wa mali tangu kabla ya kufuli la chuma. Kago humtisha anayeiamini, na asiyeiamini huchuma akaondoka. Nguvu yake yote imo katika hofu ya mwizi na matumaini ya mwenye shamba, hivyo iko kwenye daraja la tatu. Loki ya umeme iko kwenye daraja la pili. Inafanya kazi kwa anayeijua na asiyeijua, kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa asiye na dini, maana fimbo ya kitasa ikishasukumwa haiulizi itikadi ya anayevuta kishikio. Anayesema kwamba kufunga loki ni sawa na kutundika kago, kwa hoja kwamba vyote viwili ni kumtegemea asiyekuwa Mungu, anachanganya vitu viwili ambavyo Ghazali alivitenganisha kwa haki.

Hata hivyo, Ghazali hakumruhusu mwenye mali ajizungushie makufuli bila kikomo. Aliandika adabu za mtu wa tawakuli anapotoka nyumbani: afunge mlango, lakini asizidishe kwa kufuli juu ya kufuli na kuwaagizia majirani walinde wakati ameshafunga. Alimtaja Malik bin Dinar, mcha Mungu wa Basra, ambaye aliufunga mlango wake kwa kamba tu, akieleza kuwa asingefanya hata hivyo kama si mbwa. Aliongeza adabu mbili ambazo kwa hakika ndizo nzito kuliko zote: kwamba mtu asiache mahali wazi kitu kitakachoamsha tamaa ya mwizi, kwa sababu atakuwa ameshiriki kumtia dhambini, na kwamba anapotoka anuie kuwa chochote kitakachoibwa kiwe halali kwa aliyekichukua, kama sadaka ikiwa mchukuaji ni fukara, ili mwenye mali apate thawabu na mwizi asibebe dhambi.

Mafundisho hayo yana uzuri unaomgusa kila anayeyasoma kwa moyo mweupe, lakini yakipandishwa kwenye pikapu ya Chiola yanakwama. Malik bin Dinar alifunga kwa kamba nyumba yake mwenyewe, yenye vitu vyake mwenyewe. Dereva aliyebeba magunia ya kaya kadhaa hana uwezo wa kunuia kwamba gunia likiibwa liwe sadaka, kwa kuwa hakuna mtu anayetoa sadaka mali ya mwenzake. Anaweza kumsamehe mwizi kwa tairi lake la akiba. Hana msamaha wa kutoa kwa korosho za mjane aliyezipalilia kwa jembe la mkono. Ukarimu ambao kwa mwenye mali ni daraja la juu la imani, kwa mchukuzi ni dhuluma iliyovaa kanzu ya ucha Mungu, na kosa hili linastahili kukemewa kwa sababu hutendwa na watu wema.

Fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sharia, inalifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kauli inayotegemewa ni kwamba aliyeajiriwa kwa kazi huishika mali kama amana, na mwenye amana halipi kilichopotea mikononi mwake ila akivuka mipaka au akizembea. Hukumu hii ni nyepesi kuliko ile ya kitabu cha Kutoka katika Biblia, sura ya 22, ambapo aliyekabidhiwa mnyama wa jirani akaibiwa kwake hutakiwa kumlipa mwenyewe. Lakini wepesi wake una sharti: uzembe ni nini? Wanazuoni, akiwemo Nawawi aliyefariki mwaka 1277, waliposhindwa kuweka kipimo kimoja cha mahali panapohesabiwa kuwa pamehifadhiwa ipasavyo, waliurudisha uamuzi kwenye ada, yaani mazoea ya watu wa mahali na wakati husika. Zizi ni hifadhi ya mnyama lakini si hifadhi ya dhahabu. Sheria ya nchi nayo, katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inautaja kwa namna ya pekee wizi wa mzigo ulio safarini ndani ya chombo cha usafiri.

Kutoka hapo kunazuka jambo ambalo halijapewa uzito unaostahili. Ikiwa uzembe hupimwa kwa ada, basi kifaa kipya kinapoenea hubadilisha hatia ya watu bila yeyote kutunga sheria. Dereva aliyesimama kunywa chai Nachingwea mjini na mlango wa nyuma ukiwa umefungwa kwa kamba hakuwa mzembe maadamu kila pikapu ilifungwa hivyo. Siku ambayo wengi watakuwa na loki, kamba ileile itaanza kuonekana kama kutojali. Mabadiliko hayo yana haki ndani yake, lakini yana hatari ya kumhukumu maskini kwa vifaa vya tajiri. Msimamo unaofaa ni kwamba wajibu wa mchukuzi ni kuhifadhi, si kununua: asiye na loki akikaa na mzigo wake, au akamwacha utingo juu ya bodi, ametimiza amana sawa na mwenye mota mbili, na pengine zaidi, kwa vile jicho la utingo linauona hata ubavu wa gari ambao loki haiulindi.

Linabaki swali la nia. Loki hii hufunga yenyewe dereva anapofunga milango ya mbele, hata kama mawazo yake yako kwenye bei ya mafuta, na mtu anaweza kuuliza kama uangalifu uliofanywa na mota ni uangalifu wake. Ni wake kwa upande wa siku aliyoiweka, maana nia ya kutenda jambo la kudumu huendelea katika matunda yake. Ila haumtoshi, kwa sababu mota hufa bila taarifa. Vumbi jekundu la barabara hizo huingia kwenye kitasa, maji ya masika hula viungo vya nyaya, na siku hiyo rimoti italia kama kawaida, milango ya mbele itafunga, na wa nyuma utabaki wazi. Kulizunguka gari na kukivuta kishikio kwa mkono ndiko kunakoirudisha amana kwa mwanadamu.

Fundi naye amebeba sehemu yake, tena iliyofichika kuliko zote, kwa kuwa kiungo cha waya kilichosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe wa gundi hufanana na kilichochomewa risasi mara tu bamba linaporudishwa. Mteja hana namna ya kujua. Pikapu hizi pia hubeba wagonjwa kwenda hospitali usiku, na mlango uliogoma kufunguka kwa sababu betri imekufa unaweza kumchelewesha mama aliye katika uchungu. Kwa hiyo fundi anayefunga loki hizi ana wajibu wa kuacha njia ya kuifungua kwa mkono, kuijaribu mbele ya mwenye gari huku betri ikiwa imetenganishwa, na kumwonyesha dereva viungo vyote kabla bamba halijafungwa.