JE, FILIMBI YA MWISHO IKIPULIZWA LEO?



Usiitupe karatasi hii. Najua umeipokea huku unawahi daladala, au umeichukua kwa heshima tu ili ukaifungie karanga. Isome kwanza, kufungia karanga kupo. Ni dakika chache, hazifiki hata kipindi cha kwanza cha mpira.

Nikuulize swali dogo. JANA ULIZUNGUMZA NINI KUTWA NZIMA?

Nikipita vijiweni Mbagala, Tandika, Manzese, Mwananyamala, maneno ni yale yale. Ni Simba na Yanga. Wa Yanga anamkumbusha mwenzake tarehe 5 Novemba 2023, mabao 5-1. Wa Simba naye hakubali, anarudi mpaka tarehe 6 Mei 2012, mabao 5-0. Tarehe hizo wanazo kichwani kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao! Wakimaliza mpira wanaingia kwenye muziki, nani kamtungia nani wimbo. Wakimaliza hapo ni tamthilia ya jana usiku. Wakimaliza hapo kila mtu anainamia simu yake kuangalia kama mkeka wake umechanika au bado una uhai.

Mpendwa, sikuja kukuambia mpira ni dhambi. Mimi mwenyewe mpaka leo matokeo nauliza. Singeli ikipigwa mtaa wa pili, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, mguu wangu unautambua kabla sijauzuia. Nimekulia mabanda ya video, nikisikiliza sauti ya Lufufu akitufafanulia picha za Kichina kwa Kiswahili mpaka tukadhani Wachina wale ni watu wa Temeke. Nayajua mambo hayo. Ndiyo maana nataka nikueleze usiku mmoja uliobadilisha maisha yangu.

USIKU WA GONGO LA MBOTO

Ilikuwa Jumatano tarehe 16 Februari 2011. Wakati huo nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, naishi na mama yangu Gongo la Mboto. Mama alikuwa anauza vitumbua asubuhi. Mguu wake mmoja ulikuwa unamsumbua, akitembea anajikongoja.

Usiku ule Arsenal walikuwa wanacheza na Barcelona kule London. Mechi ilikuwa ianze saa tano kasoro robo usiku kwa saa zetu. Mimi nilikuwa Arsenal damu. Tukawekeana dau na wenzangu, na fedha akashika mwenye banda. Shilingi 15,000 zangu zilitoka wapi? Nitasema kweli, maana nimeshatubu. Nilizitoa kwenye kopo la mama. Zilikuwa za unga wa mchele, nazi, mafuta na mkaa. Nilijiambia, Arsenal akishinda nitazirudisha kabla mama hajafumbua macho.

Nikaenda bandani mapema ili nipate benchi la mbele. Jenereta linanguruma, wanatuonyesha kwanza sinema ya vita. Ilipofika kama saa mbili na nusu tukasikia kishindo. Wote tukadhani ni cha kwenye sinema. Kijana mmoja akapiga makofi. Kikaja cha pili, bati za banda zikatetemeka. Cha tatu, anga lote likawa jekundu, na hapo hakuna aliyetazama sinema tena. Ni maghala ya silaha ya kambi ya jeshi yalikuwa yanalipuka. Miaka miwili kabla yake, tarehe 29 Aprili 2009, ilitokea hivyo hivyo Mbagala, kwa hiyo kila mtu alijua ni nini. Watu wakapiga kelele, "Mabomu! Mabomu!"

Msomaji wangu, sasa nakuambia jambo ambalo sikumwambia mtu kwa muda mrefu. Nyumbani kwetu kulikuwa upande wa kushoto. Barabara kubwa ya kwenda mjini ilikuwa upande wa kulia. Mama yangu mwenye mguu mbovu alikuwa kushoto. MIMI NILIKIMBILIA KULIA.

Nilikimbia na umati. Wengine wamebeba watoto, wengine wamebeba magodoro, mimi sikubeba kitu. Nikatembea usiku kucha, nyuma yangu vishindo, mbele yangu giza. Kila nilipotaka kugeuka, kikilia kingine, miguu inakataa. Kumpigia simu sikuweza, maana simu ndani ya nyumba ilikuwa moja, na ilikuwa mfukoni mwangu.

Kesho yake nikasikia watu wengi wamepelekwa Uwanja wa Uhuru, Temeke. Nikaenda. Uwanja ule! Ndio uwanja ambao nchi hii ilipatia uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Ndio ambao baba zetu walishangilia Simba na Yanga mpaka sauti zikakauka. Siku ile nilikuta maelfu ya watu, lakini hakuna aliyeshangilia. Akina mama wanaita majina ya watoto, na watoto wanaita mama zao. Hakuna aliyeulizwa wewe Simba au Yanga.

Nikazunguka mpaka nikamwona mama. Ameketi chini, mguu ameunyoosha. Pembeni yake yupo jirani yetu, mama mmoja mlokole. Mama yule nilikuwa namcheka kila siku kwa kupiga magoti na kukesha akiomba. Kumbe usiku ule yeye alikuwa ameshatoka salama na watoto wake. Alipofika barabarani akakumbuka kwamba mama yangu hawezi kukimbia. Akawaacha watoto kwa dada yake, AKARUDI. Akarudi kule kule kunakolipuka, akamshika mama mkono, wakatoka wote wawili wakijikongoja.

Mimi nikasimama pale kama mti. Nilitegemea mama anitukane. Nilitamani anitukane. Aliniangalia tu akasema, "Mwanangu, umekula?"

Ndugu yangu, mabomu yale hayakunipiga, lakini neno lile lilinipiga.

Baadaye mtu akanipa habari: Arsenal kashinda 2-1. Nilikuwa nimeshinda dau! Sijawahi kushinda kitu kichungu namna ile. Na furaha yenyewe ya Arsenal ilidumu siku 20 tu. Tarehe 8 Machi Barcelona wakawapiga 3-1 kwao, wakawatoa. Lakini watu zaidi ya 20 waliokufa Gongo la Mboto hawakuwa na mechi ya marudiano.

BWANA YESU ALIULIZWA HABARI KAMA HIZI

Fungua Biblia yako, soma mwenyewe Luka 13:1-5. Hata wakati wa Yesu watu walikuwa wanaleta habari za mjini. Wakamletea habari za mauaji. Naye akawakumbusha mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18. Akawauliza kama wale 18 walikuwa wabaya kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba SIVYO. Kisha akawageukia waliokuwa wanasikiliza, akawaambia habari ya toba yao wenyewe.

Umeona? Sisi tukisikia ajali, tunauliza, "Wale walikosa nini?" Yesu anauliza, "Na wewe uliyebaki?" Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba waliokufa Gongo la Mboto au Mbagala walikuwa wenye dhambi kunishinda mimi. Mwizi wa fedha ya vitumbua alipona. Kupona kwangu hakukuwa tuzo. Ilikuwa NAFASI.

Basi shika mambo matatu.

KWANZA: UNACHOKISHANGILIA HAKIWEZI KUKUBEBA. Mpira ni mzuri, muziki ni mzuri, simu inatusaidia. Zamani kutuma fedha kijijini ulimpa dereva wa basi ukabaki unaomba Mungu zifike. Leo unabonyeza tu na bibi kapata. Tunashukuru. Lakini siku kishindo kikilia, timu yako haikujui kwa jina. Mchezaji unayemlilia hajui kama unaishi Tandika au Tandale. Usimpe moyo wako wote mtu asiyejua kama umelala njaa. Na usichukue ada ya mtoto ukaiweka kwenye mkeka. Kijana, nakuambia kwa upendo, maana kopo la mama nalijua mimi.

PILI: HAKUNA ANAYEONYESHWA DAKIKA ZA NYONGEZA. Uwanjani mwamuzi wa akiba anainua kibao, kila mtu anaona zimebaki ngapi. Maishani kibao hicho hakipo. Tarehe 7 Aprili 2012 nchi hii iliamka ikasikia Steven Kanumba amefariki usiku. Alikuwa na miaka 28. Jana yake alikuwa mzima, kesho yake maelfu wanajiandaa kwenda viwanja vya Leaders, Kinondoni, kumuaga. Simhukumu marehemu, hilo ni la Mungu peke yake. Nakuuliza wewe unayesoma. Kwenye filamu mtu anakufa, halafu tunamwona sehemu ya pili. Wewe huna sehemu ya pili ya kurekodi upya. Yaliyorekodiwa ndiyo hayo.

TATU, NA HILI NDILO KUBWA: YUPO ALIYERUDI KWA AJILI YAKO. Mimi nilimpenda mama yangu, lakini hatari ilipokuja nilikimbilia kulia. Upendo wa mwanadamu una mwisho wake. Nilipomwona yule jirani yetu pale uwanjani, vumbi mpaka kwenye nywele, nilimwuliza, "Mama, kwa nini ulirudi?" Akanijibu, "Kwa sababu na mimi Yesu alinirudia." Hakuhubiri zaidi ya hapo. Sikuhitaji zaidi ya hapo. Yesu alikuwa mahali pa salama, juu kwa Baba yake. Alituona tuko huku kunakolipuka, mguu mbovu, hatuwezi kukimbia wenyewe. Akaja upande ule ule. Msalabani kishindo kilimpiga yeye ili wewe utoke.

Jioni ile ile nilimwambia mama habari ya kopo. Alinyamaza, kisha akasema alikuwa anajua. Wiki ile nilibeba zege kwa watu nikazirudisha zote 15,000. Lakini kabla ya kuzirudisha nilipiga magoti na yule mama niliyekuwa namcheka, nikaokoka.

WEWE JE?

Labda umekimbia mtu. Labda kuna mke umemwacha Singida na watoto. Labda kuna baba mgonjwa hujampigia simu tangu mwaka jana, na bando unalo. Labda kuna kopo la mtu ulilitoboa. Mungu analijua, kama mama alivyojua. Naye swali lake la kwanza si matusi.

Usingoje mkutano mwingine. Usiseme ngoja ligi iishe. Hapo hapo ulipo, hata kama ni kwenye daladala umesimama, sema maneno haya kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nimekimbia, nimeiba, nimewaacha walionihitaji. Asante kwa kuwa ulirudi kwa ajili yangu. Nisamehe, nioshe kwa damu yako, ingia moyoni mwangu. Nipe nguvu ya kurudi kwa niliowakosea. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umesali kwa kumaanisha, HALELUYA! Fanya mambo mawili leo hii. Tafuta kanisa la karibu linalohubiri wokovu, uwaambie. Halafu mtafute yule uliyemkimbia, kabla jua halijazama. Usianze na maneno mengi. Mwulize tu kama amekula.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Karanga tafuta karatasi nyingine.