Kukadiria Kabla ya Kupima

Kwenye mwalo wa Katunguru nchini Uganda, pale daraja linapovuka mfereji wa Kazinga, mtu hutaja uzito wa samaki kwa kumtazama tu, kisha ndipo samaki apimwe. Namheshimu anayethubutu kutaja kilo mbele za watu, kwa kuwa akikosea hana pa kujificha.

Wanafizikia wa supasimetria walithubutu hivyo kuhusu bosoni ya Higgs. Nadharia yao inasema kila aina ya chembe ina mwenzake, ambaye mpaka leo hajaonekana. Katika umbo lake la msingi iliweka kikomo: Higgs iliyo nyepesi kuliko zote isizidi GeV 91 (GeV ni kipimo cha uzito wa chembe), sawa na uzito wa chembe ya Z. Protoni ni karibu GeV 1. Mwaka 1991 makundi kadhaa, likiwemo la Wajapani Okada, Yamaguchi na Yanagida, yalionyesha kwamba kwaki ya topu na mwenzake huusukuma uzito huo juu. Topu yenyewe ilipopatikana mwaka 1995, kikomo kilisimama karibu na 130. Tarehe 4 Julai 2012, maabara ya CERN ikatangaza: takriban 125.

Je, nyongeza ile ilikuwa kisingizio? Hapana. Iliandikwa hadharani miaka 21 kabla ya kipimo, na kisingizio huja baada ya kipimo. Lakini ina gharama. Kuifikisha Higgs kwenye 125 kwa kawaida humtaka mwenza wa topu awe mzito sana, na kadiri anavyozidi uzito, ndivyo namba kubwa zinavyolazimika kufutana kwa usahihi wa ajabu. Ugonjwa huo ndio supasimetria ilikuja kuutibu! Wenye nadharia wenyewe ndio wanaolisema hili kwa sauti kubwa zaidi, na hapo ndipo ninapowapenda.

Kinyume chake, Agosti 2016 huko Chicago, ATLAS na CMS, majaribio mawili ya CERN, yalitangaza kwamba dalili ya chembe mpya kwenye GeV 750 imetoweka data zilipoongezeka. Mamia ya makala yalikuwa yameshaandikwa juu yake, baada ya dalili kuonekana, si kabla.

Walimu wa sayansi wa Kasese na Bwera, wahimizeni wanafunzi waandike makadirio yao kwa kalamu kabla ya jaribio, na wakikosea msiyafute.